Huduma kwa wawekezaji ya kampuni moja ndogo yenye mgodi uliojaa maji: nyota tatu kati ya tano

Kwanza niweke wazi ninachokipitia hapa, maana watu wataanza kuuliza ninunue nisinunue. Sijibu hilo. Ninapitia ile huduma wanayotupa sisi wenye hisa, yaani imeili za apdeti, kikao cha video cha kila robo mwaka, ukurasa wa wawekezaji wenye ile grafu ya kina cha maji, na dawati la maswali. Jina la kampuni siliweki, mwenye hisa zake akisoma atawajua tu.

Kwa ambao hawajui: ni mgodi wa zamani wa shaba, ulifungwa bei ilipoanguka, pampu zikazimwa, maji yakapanda taratibu mpaka yakakaribia mdomo wa shafti, lile shimo la wima la kushukia mgodini. Wakaja hawa wadogo wakauchukua kwa bei ya kutupa kwa sababu mbale, yaani mawe yenye shaba, bado imelala kule chini, na wakatuambia sisi wenye vihela vyetu kwamba kazi iliyobaki ni kutoa maji na kupata vibali. Hiyo "iliyobaki" ndo kila kitu jamani. Mgodi wa bati wa South Crofty kule Cornwall Uingereza ulifungwa 1998, kibali cha kutoa maji kikapatikana 2017, na maji yakaanza kusukumwa na kusafishwa mwishoni mwa 2023. Kibali mkononi halafu miaka 6 hivi ndo pampu inawaka, maana kuna kutafuta hela, kuna kujenga mtambo wa kusafisha maji, kuna kukarabati shafti. Kwahiyo mtu akikwambia kibali kikitoka tu tunaanza, muulize hela ya mtambo iko wapi.

Sasa tuje kwenye huduma yenyewe.

Slaidi zao ni kali, sikatai. Picha za droni, mlima wa kijani, watu wamevaa kofia ngumu wameinama kwenye ramani, na kuna slaidi moja imeandikwa mgodi utakuwa mkavu ndani ya miezi 8. Hiyo slaidi niliikalia sana. Wameandika shimo lote lina maji mita za ujazo milioni 2, pampu zitatoa lita 100 kwa sekunde. Piga hesabu, lita 100 kwa sekunde ni mita za ujazo 8,640 kwa siku, gawanya milioni 2 kwa hiyo unapata siku 231 na ushee, haya miezi 8 imetimia, kila mtu anapiga makofi. Ila hawajaweka maji yanayoingia! Mgodi ni ndoo iliyowekwa chini ya bomba ambalo halifungwi, unachota huku linamwaga. Kama yanaingia lita 60 kwa sekunde, unachopunguza kiukweli ni lita 40 tu, yaani mita za ujazo 3,456 kwa siku, na hapo siku zinakuwa 578 hivi, mwaka na miezi saba. Pampu zilezile, shimo lilelile. Na bado hujaongeza kwamba kadri unavyoshusha maji ndani ndivyo maji ya pembeni yanavyopata mteremko wa kukimbilia humo, kwahiyo lile la kuingia linapanda wakati wewe unadhani unamalizia, mvua kubwa ndo usiseme.

Hizo lita 60 sijazitoa kichwani kwangu. Zilitoka kwenye kikao cha video, na hapa ndo nyota yao ya kwanza ilipopatikana kihalali. Mzee mmoja, sauti ya taratibu kabisa, aliomba nafasi akauliza, "Mheshimiwa mwenyekiti, maji yanaingia kiasi gani kwa sekunde?" Bosi akaanza na bei ya shaba duniani, akaenda kwenye magari ya umeme, akarudi kwenye bei ya shaba. Mzee akasubiri amalize, akasema, "Ahsante mheshimiwa, ila mimi nimeuliza maji." Kimya. Baadae mhandisi wao wa maji, kijana tu, akawasha maiki akasema shikamoo mzee, akajibu moja kwa moja: kwa kina cha sasa ni kama 60, kipindi cha mvua inaweza kuzidi, na walipima kwa kusukuma maji siku kadhaa wakaangalia kina kinarudi vipi. Huyo kijana apewe mshahara wa bosi. Tatizo ni kwamba jibu hilo halipo popote kwa maandishi, sio kwenye slaidi, sio kwenye imeili, na rekodi ya kikao walipoiweka ile sehemu ya maswali ikawa imekatwa. Nimewaandikia kuhusu hilo, wakasema ni ishu ya kiufundi. Haya.

Umeme nao wanaupitia juu juu. Kuinua lita 100 kwa sekunde kutoka mita 400 chini kunataka kama kilowati 392 kwa hesabu ya darasani, ukiweka kwamba pampu haili umeme bila kupoteza, tuseme ufanisi wa asilimia 70, unafika kilowati 560, usiku na mchana. Hiyo ni zaidi ya uniti 13,000 kila siku inayoenda kwa Mungu, kabla hujachimba hata jiwe moja. Na huwezi kusema utaweka pampu juu halafu uvute, hewa yenyewe haina nguvu ya kupandisha maji zaidi ya mita 10 hivi kwa kuvuta, ndo maana pampu lazima ishuke na maji, na ndo maana watu wa migodi walihangaika na hili tangu zamani. Mashine ya mvuke ya Newcomen ya 1712 ilitengenezwa kutoa maji kwenye mgodi wa makaa ya mawe, treni na viwanda vimekuja baadae. Hiyo ni pembeni tu, ila mimi huwa inanifurahisha, kwamba injini ilianza kwa sababu ya shida hiihii ya wenye hisa.

Na wakubwa pia inawapiga. Cigar Lake kule Kanada, mradi wa urani, mwendeshaji na mwenye sehemu kubwa ni Cameco ambayo sio kampuni ya kubahatisha, ilifurika Oktoba 2006 wakati bado inajengwa, maji yakarudi tena 2008 wakiwa katikati ya kuyatoa, uzalishaji ukaja kuanza 2014. Konkola ya Zambia inahesabika kati ya migodi yenye maji mengi kuliko yote duniani, wanasukuma takriban mita za ujazo 300,000 kwa siku, na inaendelea kufanya kazi. Kwahiyo maji mengi peke yake sio kifo. Kinachoua kampuni ndogo ni maji mengi pamoja na hela kidogo pamoja na kibali kinachochelewa, vyote vitatu siku moja.

Turudi kwenye huduma. Imeili za apdeti. Hapa ndo nimewanyima nyota bila huruma.

Kuna imeili ilikuja kichwa chake HABARI NJEMA KUHUSU KIBALI, herufi kubwa zote, hisa zikapanda siku hiyo hiyo. Ukifungua ndani unakuta wamewasilisha maombi. Wamewasilisha! Hata mimi naweza kuwasilisha maombi. Kuna safari ndefu pale, unapeleka, mamlaka inaangalia kama karatasi zimekamilika, kisha wanaanza kuyasoma kwa undani, wanarudisha maswali, unajibu, wananchi wanapewa muda wa kutoa maoni, rasimu inatoka na masharti, kisha kibali, na baada ya hapo mtu anaweza kukata rufaa. Imeili haikusema tupo hatua gani wala zimebaki ngapi. Iliyofuata ikasema mchakato unaendelea vizuri. Kumbe mamlaka ilikuwa imeshawarudishia maswali kuhusu visima vya majirani, na hilo nimelikuta kwenye ripoti ya robo mwaka, ukurasa wa mwisho mwisho, maandishi madogo chini ya jedwali la gharama za ofisi. Hamna imeili iliyotumwa kwa hilo. Habari njema ina imeili, mbaya ina maandishi madogo.

Na swali la visima sio la kuonewa. Ukitoa maji mgodini unashusha maji ya chini ya ardhi eneo zima, visima vya jirani vinaweza kukauka na chemchemi kufa, na ikiwa mwamba ni wa dolomiti, ule unaoliwa na maji taratibu mpaka unakuwa na mapango, ardhi yenyewe inaweza kutitia. Afrika Kusini wanalijua hili vizuri, Desemba 1962 mgodi wa West Driefontein jengo zima la kusagia mawe lilimezwa na shimo lililofunguka ardhini, watu 29 wakafa, na hilo eneo lilikuwa linatolewa maji kwa ajili ya uchimbaji. Kwahiyo afisa akiuliza visima vipo umbali gani na utampa maji nani vikikauka, anafanya kazi yake. Mimi kama mwenye hisa ningependa kampuni iwe na jibu kabla hajauliza.

Kibali chenyewe wanakitaja kama kipo kimoja. Ukisoma ripoti unakuta kuna cha kutoa maji chini, kuna cha kuyatiririsha mtoni, kuna tathmini ya athari kwa mazingira, kuna cha kuhifadhi tope linalobaki baada ya kusafisha maji, na leseni ya uchimbaji yenyewe ina tarehe ya kuisha na masharti kwamba usipofanya kazi kwa muda fulani inaweza kuguswa. Vinne vikiwepo na cha tano kikikosekana, pampu haiwaki. Nilitegemea ukurasa wa wawekezaji uwe na jedwali dogo tu, kibali gani, kipo wapi, kinaisha lini. Hamna. Kuna picha ya droni nyingine.

Kuhusu ubora wa maji, hapa nataka wapya wasome taratibu kwa sababu ndo panapoliwa hela. Mawe ya shaba mara nyingi yana pairaiti, ile yenye salfa na chuma. Mgodi ukikauka hewa inaingia, pairaiti inakutana na hewa na maji, inatoka asidi ya salfa, asidi inayeyusha zinki, kadimiamu, manganizi, wakati mwingine aseniki. Ukifunga mgodi maji yakapanda yanaosha chumvi zote zilizokuwa zimeganda ukutani. Maji ya kwanza kutoka huwa ndo machafu zaidi, baada ya hapo yanaanza kupungua makali. Wheal Jane, hukohuko Cornwall, walizima pampu 1991, Januari 1992 maji ya asidi yakatoka kwa mkupuo mpaka kwenye mlango wa mto Fal, picha zake za rangi ya kutu zilizunguka dunia. Gold King kule Colorado Marekani, tarehe 5 Agosti 2015, watu waliokuwa chini ya shirika la serikali la mazingira lenyewe walikuwa wanachokonoa mlango wa mgodi wa zamani, yakatoka kama lita milioni 11, mto Animas ukawa wa chungwa. Shirika la mazingira lenyewe! Ukiangalia hapo unaelewa kwanini afisa wa vibali hasaini haraka, hakuna anayetaka jina lake liwe kwenye mto wa chungwa.

Sasa nikawaandikia dawati la maswali naomba majibu ya maabara ya maji ya shafti. Dada wa dawati ana adabu sana, "Habari yako ndugu mwanahisa, tumepokea swali lako", jibu la kwanza lilikuja chapu ila lilikuwa la kukopi, maji yanakidhi matarajio. Nikamwambia dada yangu, matarajio ya nani? Naomba karatasi. Tukazungushana kidogo, mwisho akaituma, na kwa hilo nampongeza kwa sababu hakulazimika. Nikaifungua. Chuma kipo juu lakini sio cha kutisha, zinki wastani, asidi ya kawaida. Nikaanza kufurahi, kisha nikaona safu ya kina cha sampuli: mita 5 kutoka juu ya maji. Zote. Shafti ina mamia ya mita za maji na wamechota kwenye kofia yake tu. Kwenye migodi iliyofurika maji mara nyingi yanajipanga tabaka, mepesi na masafi kidogo yanakaa juu kwa sababu ya mvua, mazito yenye madini yanakaa chini, na pampu ndo inaenda hukohuko chini. Mtambo wa kusafisha ukijengwa kwa kufuata vipimo vya maji ya mita 5 utaelemewa maji ya mita 300 yakianza kupanda. Nimerudisha swali la sampuli za kina, nikajibiwa limepelekwa kwa timu ya ufundi. Bado lipo hukohuko kwa timu.

Kusafisha kwenyewe sio uchawi, unaweka chokaa, asidi inapungua, chuma na wenzake wanaganda na kuzama, maji yanaenda mtoni, tope linabaki. Manganizi ni mbishi, inataka chokaa nyingi zaidi kuliko chuma. Na tope linataka pa kukaa, kila siku, kwa muda wote wa mgodi na pengine baada ya mgodi kufungwa. Kwenye slaidi zao tope halipo kabisa, mtambo unaonekana maji yanaingia machafu yanatoka ya bluu, basi.

Kitu kimoja wamefanya vizuri na wengi hawafanyi. Hawajaita kilicho chini "akiba iliyothibitishwa", yaani madini ambayo imeshaonyeshwa yanachimbika kwa faida. Wameandika ni makadirio ya rasilimali tu, na wametaja kwamba yanafuata kanuni za JORC za Australia, zile za jinsi ya kutangaza kiasi cha madini kwa wawekezaji, na jina la mtaalamu aliyesaini lipo. Chini ya JORC ili rasilimali ipande kuwa akiba lazima upitishe mambo mengi, uchimbaji, uchenjuaji, soko, sheria, mazingira, serikali, kwahiyo kama kibali kinaning'inia huna haki ya kujisifia. Kuna makampuni madogo yanachezea hapo, hawa hawajachezea. Nyota ya pili hiyo.

Ya tatu naitoa kwa grafu ya kina cha maji. Ni ya kawaida tu, mstari mmoja, wanaibadilisha kila wiki kweli, na walipofanya jaribio la pampu mstari ulishuka na walipozima ukapanda, na hawakuuficha ulivyopanda. Mtu mwenye rula anaweza kukadiria mwenyewe maji yanarudi kwa kasi gani. Sema wangeweka na namba za mvua pembeni ingekuwa safi zaidi.

Kilichobaki ni hisa mpya. Wakati tunasubiri kibali kampuni haiuzi chochote, ila mishahara ipo, ulinzi upo, pampu za kukodi zimekaa kwenye turubai zinadaiwa. Hela inatoka wapi? Kwetu. Wanatoa hisa mpya kwa bei ya chini ya soko, wanaongeza na haki ya kununua nyingine baadae, na kipande chako cha mgodi kinakuwa chembamba bila wewe kuuza hata hisa moja. Hilo ni kawaida kwa kampuni za saizi hii na sina kinyongo nalo, kinyongo changu ni imeili ya taarifa kuja usiku wa kuamkia wikiendi wakati ile ya HABARI NJEMA ilikuja asubuhi soko linafunguka. Na hawakusema hela hiyo inatutosha mpaka lini kama kibali kikichelewa. Nimeuliza dawati, hela iliyopo ni ya miezi mingapi bila kibali? Dada akajibu kwamba bodi ina imani. Dada yangu, imani hailipi kodi ya pampu.

Kwa anayetaka kujiunga na huduma yao, jiunge tu, ni bure na dawati linajibu ukiwa mvumilivu. Imeili ziruke, nenda moja kwa moja kwenye ripoti ya robo mwaka uanzie ukurasa wa mwisho kurudi nyuma, na kwenye kikao cha video subiri mhandisi wa maji awashe maiki, ukiweza rekodi mwenyewe kabla hawajaikata.

Nyota tatu kwa sasa. Wakiweka lita zinazoingia kwenye ile slaidi ya miezi 8 na jedwali la vibali vyote na hatua vilipofika narudi kubadilisha iwe nne. Ya tano inasubiri sampuli za kina.